Zamu Yetu ya Kutoa Jina

Mugumu, 9 Februari 2025

Mwanangu Akech,

Habari za kujifungua kwako nilizipata Jumanne kutoka kwa mama mkwe wako aliyeko Migori, na Jumatano kutoka kwako. Sawa. Mimi ni wa Jumatano. Namshukuru Mungu wewe ni mzima na mtoto ni mzima, kilo tatu na nusu, na wa kiume.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ukikasirika unakata, na mimi nikikasirika nasahau nilichotaka kusema. Beryl wa mjomba wako, ninayekaa naye, atapiga picha karatasi hii akutumie. Atasoma, najua atasoma. Beryl, ukimaliza kusoma nenda kapepete mahindi.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Mtoto wenu wa kwanza mumeo Okinyi alimpa jina la bibi yake. Sikusema neno; upande wa mume huanza. Lakini Okinyi mwenyewe, kwa mdomo wake, sebuleni kwangu hapa, alisema wa pili ni zamu ya kwetu. Zamu imefika, na imekuja na mvulana. Kwa hiyo mtoto ni Olima.

Kaka yako Olima ana miaka minne ardhini na hakuna mtoto hata mmoja aliyepewa jina lake. Hakuoa, hakuacha mtu. Wajomba zako wamepata wajukuu watano tangu mwaka ule, na kila mmoja amepewa jina la mtu mwingine. Nikiuliza, wananiambia hawakumwota, na asiyeotwa hapewi mtoto. Mtu mrefu vile, aliyewasagia mahindi bure misiba yao yote, hakuna aliyemwota. Hata mimi niliyemzaa wa kwanza hakuna anayeniita kwa jina lake tena. Mji huu mzima mimi sasa ni Mama Mashine. Nimebaki na wewe tu.

Mtoto akilia usiku bila ugonjwa, ujue mwenye jina anadai. Ukimwota kaka yako niambie siku hiyohiyo. Usipomwota, mpe hivyohivyo. Pasaka ndugu watakusanyika hapa kwangu, na nitaliita jina mbele yao.

Mfunike kichwa. Huko ni baridi.

Mama yako,
Felistas


Inverness, 15 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa habari ya Jumanne. Okinyi ndiye aliyepiga Migori, mimi nilikuwa nimelala na dripu mkononi. Sasa natembea, nakula, dada mtu anataka kumbeba mdogo wake kila saa kama mdoli.

Kuhusu jina, Mama, tumekaa mimi na Okinyi tukaamua. Mtoto ni Murdo. Ni jina la huku Scotland. Wenzangu kazini walileta majina mengi, kila mtu na la babu yake: Hamish, Fergus, Ewan, Lachlan. Hilo Lachlan lilimshinda Okinyi kabisa, akasema mtoto atajua kumwita baba yake kabla baba hajajua kumwita yeye. Nikawaambia wasijisumbue, nimeshachagua.

Murdo alikuwa mzee niliyemhudumia kwenye nyumba ya wazee. Nilihamishiwa kwake mwezi wa tano mwaka jana. Alikuwa mwema sana kwangu, akanifundisha mambo mengi ya huku. Alifariki mwezi wa kumi na moja.

Olima ni jina zuri, lakini mtoto atasoma huku, na walimu watapata shida kulitamka. Naomba unielewe. Mtoto halii sana, na mimi sijamwota mtu yeyote.

Mwanao,
Akech


Mugumu, 19 Februari 2025

Akech,

Beryl amenisomea barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa.

Mimi niliishia darasa la saba. Baba yenu alipovuka kwenda Kenya na asirudi, niliachwa na watoto wawili na ndoo ya dagaa. Nilitembeza dagaa hadi Kenyamonta, nikarudi na mahindi, nikauza mahindi, nikanunua mashine ya kusaga, nikanunua ya pili. Yote hayo niliyafanya kwa hesabu, si kwa maombi peke yake. Sasa sikiliza hesabu hii. Mwezi wa tano umehamishiwa kwa huyo Murdo. Alikuwa mwema sana kwako. Mwezi wa pili umezaa. Kutoka wa tano hadi wa pili ni tisa. Na mtoto unampa jina lake. Nakuuliza mara moja tu, unijibu kama mtu mzima: mtoto huyu ni wa Okinyi?

Kama si wake, niambie, nijue nitawatazamaje watu wa Migori. Kama ni wake, basi ni vibaya zaidi, maana utakuwa umechukua jina la mtu baki kama unavyochagua kitenge dukani, huku kaka yako amesimama mlangoni hajafunguliwa.

Unasema walimu watapata shida. O-li-ma. Mtoto wa chekechea anatamka. Wazungu wanaokuja kutazama nyumbu wananunua maji kwa jirani yangu hapa, na wanatamka Serengeti na Ngorongoro bila kutoka jasho. Usinidanganye, mimi nimekaa sokoni miaka mingi kuliko uliyokaa duniani. Unaona haya kwetu. Sema tu.

Huko mwite utakavyo. Hapa Pasaka nitaita Olima. Wajomba zako nimeshawaambia, na mbuzi nimeshanunua.

Felistas


Inverness, 23 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Nakutumia picha za mtoto. Tazama masikio. Masikio yale yametoka Migori, hakuna mahali pengine yanapopatikana. Barua yako Beryl aliituma kwa makosa kwenye simu ya Okinyi, akaisoma kabla yangu. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akatoka nje akakaa kwenye gari peke yake.

Mzee Murdo alikuwa na miaka tisini na moja, Mama. Nilikuwa namgeuza kitandani asipate vidonda. Hesabu yako haina kosa, ila jibu ulilopata silo.

Wala sioni haya kwetu. Watu wakiniuliza ninatoka wapi, naanza na mashine zako.

Nakuomba jambo moja nikiwa nimepiga magoti. Pasaka usiliite jina la Olima juu ya mwanangu. Sababu siwezi kuiandika mahali Beryl atakapoisoma. Kuna dada tunayesali naye, anaitwa Verdiana, mtu wa Musoma. Mwezi ujao anakuja nyumbani. Nitampa bahasha akufikishie mkononi. Uisome ukiwa peke yako.

Akech


Inverness, 8 Machi 2025
(Kwa mkono wa Verdiana)

Mama,

Ingia stoo kwanza, ufunge mlango.

Siku ile kaka alinipigia simu saa tano asubuhi ya huko. Alisema, "Leo umeme umekatika tangu saa mbili, mji mzima. Mashine zimelala, ndiyo nimepata nafasi ya kukusalimia." Aliniuliza kama nakula. Alisema amechoka. Nikamwambia, basi lala kidogo. Saa kumi ukanipigia wewe, ukasema alikuwa akitengeneza mashine, umeme umempiga, amefariki.

Umeme ulirudi kesho yake jioni. Niliuliza watu wengine bila kuwaambia kwa nini nauliza.

Sikuwahi kukuuliza, Mama, na sikuulizi sasa. Najua ulitaka alale ndani ya ua, karibu na nyumba, si nje kama watu wetu wanavyomzika mtu aliyejiondoa mwenyewe. Najua Mogesi alikuwa anaendesha mashine wakati ule, na kwamba mara tu baada ya matanga alihamia Kenyamonta. Ningekuwa pale ningekusaidia kumbeba mpaka penye mashine, na ningesema maneno yaleyale uliyosema.

Lakini jina ni jambo lingine. Kwetu aliyekwenda namna ile haitwi tena juu ya mtoto. Wajomba hawakukosa kumwota. Wananong'ona, na wanaogopa. Mimi pia naogopa. Kazini nimefundishwa kwamba ule ni ugonjwa kama magonjwa mengine, unatibika mtu akiwahiwa, na nikiulizwa na mtu yeyote nitamwambia hivyo. Halafu namtazama mtoto huyu amelala, na yote niliyofundishwa yananitoka.

Na nilikudanganya. Kaka alikuja. Mtoto akiwa na siku tatu nilimwota amesimama mlangoni, amevaa lile koti lake lenye unga, ananitazama tu. Nikageukia ukutani. Kaka yangu, Mama. Sikumwambia hata karibu.

Ndipo nikamchagua Murdo. Si kwa sababu ya uzungu wake. Nilitaka jina la mtu aliyekufa vizuri. Alikufa kitandani kwake, ameshakunywa uji, mkono wake uko mkononi mwangu, hana anachomdai mtu. Hakuacha mtoto. Nikafikiri, huyu hatamvuta mwanangu popote.

Nisamehe.

Akech


Mugumu, 21 Machi 2025

Dada Akech, niaje.

Shangazi hajui kama nakuandikia. Verdiana alileta bahasha Jumatatu. Shangazi akaingia nayo stoo, akafunga kwa ndani. Mimi niko nje na foleni ya wateja, mashine zinanguruma, nagonga mlango nasema, "Shangazi, chenji." Alipotoka akazima mashine kwa mkono wake, zote mbili, unga wa watu ukiwa nusu. Akawaambia, "Rudini kesho." Wewe unamjua. Huyu ndiye aliyesaga hata siku ya harusi ya binti wa mchungaji, akaenda kanisani na unga kwenye nyusi.

Mama mmoja akamwuliza, "Kwani umeme umekatika?"

Shangazi akachukua kufuli. Akasema, "Ndiyo. Umekatika."

Na taa ya dukani inawaka, dada, wote tunaiona. Hakuna aliyebisha. Watu wakabeba ndoo zao wakaondoka.

Kesho yake hakufungua. Jumatano akavaa viatu vya kanisani akapanda bodaboda kwenda Kenyamonta. Sikujua kama ana mtu Kenyamonta. Alirudi jioni na yule Mogesi wa zamani wa mashine, amezeeka, ana ndevu. Walikaa jikoni. Nikasonga ugali, wakala, nikatoa vyombo. Nilipokuwa naosha nikasikia Shangazi anasema, "Hukuniaga." Mogesi akasema, "Uliniambia niende, mama." Basi, ikawa imeisha hapo.

Ulimwandikia nini? Usiniambie. Ila kama ni mambo ya jina, ujue mbuzi bado yuko hai, na jirani analalamika amemaliza maua yake.

Wako,
Beryl


Mugumu, 27 Machi 2025

Akech,

Hii nimepiga picha mwenyewe kwa simu ya Mogesi. Nijibu kwa namba hiyo. Amerudi kazini.

Umeme ulikatika saa mbili. Wewe unajua, mimi najua, Mogesi anajua. Hapo pametosha. Usiniulize zaidi, na mimi sitaandika zaidi.

Miaka minne nimetafuta mtoto wa kumwekea jina lile, ili watu waone ameitwa, wakome kunong'ona. Sikuwa nimehesabu kwamba mzigo huo ungelala juu ya mtu wa kilo tatu na nusu.

Sasa nijibu vizuri, usirukeruke. Huyo Murdo ni mwana wa nani, na baba yake ni mwana wa nani? Alifanya kazi gani? Alipokuwa anakufa aliita nani? Nani alisimama kaburini? Siwezi kwenda mbele ya wajomba zako na jina nisilojua lilikotoka. Wataniuliza, na nikibabaika mjomba wako Okello atacheka, na akianza kucheka yule hanyamazi mpaka jioni.

Na Okinyi mwambie mimi nilihesabu miezi, sikumhesabu yeye. Asikae kwenye gari, ni baridi.

Felistas


Inverness, 30 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Picha yako ilikuja imelala upande, na kidole chako gumba kiko kwenye kona. Nimeihifadhi hivyohivyo, na kidole.

Ni Murdo mwana wa Iain, mwana wa Tormod. Alizaliwa kisiwani, na kwao walijitaja hivyo, mwana wa fulani mwana wa fulani, kama sisi tunavyosema wuod. Alichunga kondoo na ng'ombe. Ng'ombe wa kwao wana manyoya mpaka yanafunika macho, na bado wanaona njia. Siku ya kwanza aliniuliza kama kwetu kuna ng'ombe. Nikamwambia wamejaa, lakini mama yangu ni mtu wa mashine. Akataka kujua mashine ya nini. Nikamweleza mahindi, mtama, muhogo mkavu. Tangu hapo kila nikiingia na chai anauliza, "Leo mama yako anasaga nini?" Siku nyingine sikujua, nikasema mtama, kwa sababu mtama aliupenda. Alisema jina lake linasikika kama kitu cha kuliwa.

Alipokuwa anakufa hakuita mtu. Aliuliza kama mlango umefungwa, kwa sababu ya upepo. Nikamwambia umefungwa. Kaburini tulisimama wanne, na Okinyi alikuwa mmoja wao, kwa hiyo ameshasamehe zaidi ya hesabu yako.

Mama, kaka akija tena nimwambie nini?

Akech


Mugumu, 22 Aprili 2025

Mwanangu Akech,

Pasaka imepita salama na mbuzi ameliwa. Jirani alikuja wa kwanza, akala kwa ajili ya maua yake.

Walipokwisha kukaa nilisimama. Nikasema mtoto wa Akech anaitwa Murdo. Mjomba wako Okello akaweka bakuli chini. "Si ulituambia Olima?" Nikamwambia, "Nilisema. Sasa nasema Murdo wuod Iain wuod Tormod." Akauliza, "Hao ni watu wa wapi?" Nikamwambia ni watu wa kisiwani, wafugaji. Akafikiri. Akasema, "Kama wana ng'ombe, basi ni watu."

Wakacheka, nikawaacha wacheke. Kisha nikawaambia huyo mzee alikufa kitandani kwake, ana miaka tisini na moja, ameshiba, ameshikwa mkono na mtoto wangu. Walijua kwa nini nimelisema hilo, na mimi nilijua kwamba wanajua, na hakuna aliyetazama upande wa kaburi. Okello ndiye aliyeinua bakuli lake. Akasema, "Murdo, keti kwetu." Wengine wakaitikia. Ni jina zuri la kuita, linaishia wazi. Nimelijaribu nikiwa mashineni, linafika mpaka barabarani.

Kuna jambo lingine sikukuambia. Kile kibao cha juu ya mlango, kilichoandikwa Mama Olima Mashine ya Nafaka, wiki ya matanga nilikipaka rangi, nikaandika Felistas. Niliwafundisha watu wenyewe kutoniita, halafu nikawa nawalaumu kwa kutii. Jumamosi kabla ya Pasaka Mogesi alipanda ngazi akaandika upya, kwa rangi nyekundu. Wajomba zako walipita chini ya herufi hizo kuingia kula. Leo asubuhi mteja mmoja amesimama na gunia lake kichwani, akasoma mpaka mwisho, akaniamkia kwa jina hilo. Nikamsagia.

Umeniuliza kaka yako akija tena umwambie nini. Mwambie karibu. Umpe kiti, ni kaka yako, usimgeuzie mgongo. Halafu umwambie jina lake halijapotea. Liko kwangu, nimelibeba mimi niliyempa, mtoto hahusiki nalo. Mwambie aje huku kwangu. Chumba chake nilikuwa nimekifunga, nimekifungua, nimetandika.

Murdo akikua, umwambie alikuwa na mjomba mrefu mwenye koti la unga. Hizo ni habari tu, anaweza kuzibeba.

Mfunike kichwa.

Mama yenu,
Mama Olima